Sauti za Uwanjani ni Mali ya Taifa

Mwaka 2025 uliwachukua watu wawili ambao wengi wetu hatukuwahi kupeana nao mkono, lakini tuliishi nao majumbani mwetu kwa miaka mingi. Mwezi Februari alifariki dunia Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, na mwezi Mei akafuata Charles Hilary, mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam wa zamani, aliyemalizia utumishi wake akiwa msemaji mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Habari za misiba hiyo zilipotufikia hapa Njiro, jambo la kwanza lililotujia akilini halikuwa sura zao, kwani sura zao wengi wetu tulizijua baadaye sana. Zilitujia sauti zao. Tukajiuliza swali ambalo ndilo sababu ya maandishi haya: sauti hizo ziko wapi leo, na nani amekabidhiwa kuzitunza?

Wapo watakaosema kwamba utangazaji wa michezo ni burudani tu, na kwamba taifa lina mambo makubwa zaidi ya kuhifadhi. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Tunaamini kwamba historia ya vipindi vya michezo redioni ni sehemu ya historia ya namna wananchi wa nchi hii walivyojifunza kujitambua, na kuitambua nafasi yao miongoni mwa mataifa. Na la ajabu ni kwamba historia hiyo inaanzia kwenye mchezo ambao wengi wetu hatukuucheza kamwe, yaani raga. Na fundisho lake zito kuliko yote lilitufikia kwa sababu ya raga hiyo hiyo.

Chimbuko lake

Tarehe 15 Januari, 1927, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipeleka mitambo yake kwenye uwanja wa Twickenham, London, na kwa mara ya kwanza likatangaza mchezo moja kwa moja, kadiri ulivyokuwa ukichezwa. Mchezo huo ulikuwa raga, baina ya England na Wales. Mtangazaji wake, Teddy Wakelam, alikuwa mchezaji wa raga wa zamani. Utangazaji hakuwa amesomea popote, maana hapakuwa na wa kumsomesha. Ilibidi itafutwe njia ya kumweleza mtu aliyeketi jikoni kwake mambo ya watu 30 wanaokimbizana mbali na macho yake. Dawa iliyopatikana siku hizo za mwanzo ilikuwa nyepesi. Gazeti la BBC lilichapa picha ya uwanja uliogawanywa katika miraba 8 yenye namba, na mtu wa pili, kando ya mtangazaji, alikuwa akitaja namba ya mraba ambamo mpira umeingia. Msikilizaji aliweka gazeti mapajani, akaufuata mchezo kwa kidole.

Raga yenyewe ni ndugu wawili waliogombana, na kisa cha ugomvi wao kinastahili kujulikana na kila mfanyakazi. Mwaka 1895, katika mji wa Huddersfield, vilabu vya kaskazini ya Uingereza vilijitenga na chama kilichoutawala mchezo huo. Wachezaji wa kaskazini walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Mmoja wao akienda kucheza siku ya Jumamosi, alikosa ujira wa siku hiyo. Vilabu viliomba ruhusa ya kuwafidia wachezaji ujira waliopoteza. Mabwana walioshika chama, ambao hawakuwa na haja ya ujira wa siku, walikataa wakidai kwamba fedha ingeuchafua mchezo. Ndipo ikazaliwa raga ya ligi, ambayo tangu mwaka 1906 huchezwa na watu 13 kila upande, ilhali ile ya mabwana ikabaki na watu 15. Mpaka leo, huko kaskazini ya Uingereza na katika mji wa Sydney, Australia, raga ya ligi ina mashabiki wake wa dhati, na redio za huko huifuata Jumamosi na Jumapili kama redio zetu zinavyozifuata Simba na Yanga.

Tumeyaeleza haya kwa sababu moja. Tangu siku ya kwanza utangazaji wa michezo ulibeba mambo mawili kwa pamoja: mpira wenyewe, na maisha ya watu wanaoucheza. Redio inayotangaza mpira na kuwasahau watu hao imefanya nusu ya kazi.

Redio na Arusha

Kwetu redio ilianza mwaka 1951, kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likawa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya Serikali. Kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa pekee yake. Ingawa Zanzibar ilipata televisheni katika miaka ya mwanzo ya 1970, Tanzania Bara haikuwa na televisheni wala redio ya mtu binafsi mpaka mwaka 1994. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 40, mwananchi wa Bara asiyekuwa uwanjani aliuona mpira kwa masikio.

Katika jambo hili Arusha haikuwa mtazamaji tu. Katika mapatano ya Kampala ya mwaka 1964, nchi za Afrika Mashariki ziligawana viwanda, na Tanganyika ikapewa, pamoja na vingine, kiwanda cha kuunganisha redio na kiwanda cha matairi. Vyote viwili vilikuja Arusha. Cha matairi ni General Tyre, ambacho kila mkazi wa Njiro anayajua majengo yake. Cha redio kilikuwa cha Philips, nacho kiliacha jina lake mahali kilipokuwa, hata leo ukipanda daladala kondakta atakuuliza kama unashuka Philips. Mashine za viwanda hivyo zimenyamaza. Lakini tusisahau kwamba wafanyakazi wa mji huu ni miongoni mwa waliounganisha vyombo ambavyo taifa lilisikilizia.

Na lilisikiliza kwa pamoja. Mwaka 1971 wananchi walikusanywa katika vikundi kusikiliza masomo ya redio yaliyoitwa Wakati wa Furaha, katika kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 Chakula ni Uhai. Redio iliyofundisha kuchimba choo na kuchemsha maji ndiyo iliyowekwa juu ya meza siku ya mpira. Betri zilizopungua nguvu zilianikwa juani, maana zilihitajika kwa yote mawili.

Watangazaji wetu hawakuwa na gazeti lenye miraba 8 la kumpa kila msikilizaji. Walitumia lugha. Walitwambia timu ipi inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako, na mtu aliyekaa mbele ya kisanduku chake akaufanya ukuta wa nyumba kuwa uwanja. Walipohitaji neno, Kiswahili hakikuwatupa mkono: kandanda, kabumbu, gozi, mlinda mlango, kuotea, mkwaju wa penalti. Mengine yalitoka kwa wazee wa pwani, mengine yalitoka kwenye Kiingereza yakavishwa kanzu, na mengine yaliota palepale mdomoni mwa mtangazaji, dakika ileile yalipohitajika. Si ajabu kwamba uwanja mkongwe wa mji wetu una jina la Sheikh Amri Abeid, mwanasiasa aliyekuwa pia mshairi na mwalimu wa kanuni za ushairi. Palipo mpira, lugha haikosi kazi.

Sauti za akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, na ya Halima Mchuka aliyeonyesha kwamba mwanamke naye anaweza kuushika mpira kwa ulimi, zilipata umaarufu kwa njia hiyo. Nazo habari za kutangazwa hazikukosekana. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Mwaka 1979 Simba hiyo hiyo ilifungwa na Mufulira Wanderers ya Zambia mabao 4 kwa 0 hapa hapa nchini, watu wakaondoka uwanjani wameinamisha vichwa. Ikavuka mpaka kwenda Zambia, ikashinda mabao 5 kwa 0. Na katika mwaka huo, ambao pia majeshi yetu yalikuwa yamemaliza kazi Uganda, Taifa Stars ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 mjini Ndola, kwa bao la Peter Tino, ikapata nafasi ya kwenda Lagos mwaka 1980 katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilipita miaka 39 kabla timu yetu haijarudi tena katika fainali hizo, mwaka 2019.

Mwaka ambao mbio hazikuwapo

Lakini kama tungeambiwa tuchague habari moja tu ya michezo ambayo redio iliwaletea watu wa sehemu hizi za Meru, tusingechagua ya mpira. Tungechagua ya tarehe 2 Februari, 1974.

Siku hiyo, katika mji wa Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, Filbert Bayi, alisimama kwenye mstari wa mbio za mita 1500. Baruti ilipolia akatoka mbele, akabaki mbele. Wajuzi wa mchezo huo walikuwa wakifundisha kwamba mwenye busara hujificha nyuma ya wenzake, akatokeza mwishoni. Bayi hakujificha. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia iliyokuwapo tangu mwaka 1967. Wa pili, John Walker, mwana wa New Zealand mwenyewe, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani; na wa tatu alikuwa ndugu yetu wa Kenya, Ben Jipcho. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, Bayi akachukua na rekodi ya maili moja mjini Kingston, Jamaica. Miezi 3 haikutimia, Walker akaivunja. Dunia nzima ikaanza kuhesabu siku za kuwaona wawili hao wakipambana kwenye Olimpiki ya Montreal, mwezi Julai 1976.

Mbio hizo hazikuwapo, na kilichozizuia ni raga.

Tarehe 16 Juni, 1976, wanafunzi wa Soweto walipigwa risasi na polisi wa makaburu. Kabla mwezi haujaisha, timu ya raga ya New Zealand, ile ya watu 15, ilikuwa Afrika Kusini ikicheza. Nchi za Afrika zilidai kwamba New Zealand iondolewe Montreal. Wakuu wa Olimpiki walijibu kwamba raga haimo katika michezo yao, kwa hiyo hayawahusu. Zaidi ya nchi 20 zilijitoa, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Walker akashinda medali ya dhahabu ya mita 1500, na Bayi hakuwamo.

Hebu msomaji afikirie uzito wa jambo hilo kwa mtu wa kawaida wa Njiro, Kijenge au Ngarenaro. Mchezo asioucheza, asiojua hata sheria zake, unaochezwa kwa mpira wenye umbo la yai katika nchi asiyoruhusiwa kuingia, umemnyima furaha aliyoisubiri kwa miaka miwili. Haki yake ilikuwa kuuliza kwa nini. Jibu lake lilikuwa katika redio ileile. Nyumba iliyotangaza mpira Jumamosi ndiyo iliyowapa kipaza sauti, katika idhaa yake ya nje, wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika. Aliyekuwa amezoea kusikiliza vyote viwili hakuhitaji hotuba ndefu kuelewa kwamba uwanja wa raga wa Johannesburg na barabara ya Soweto ni ardhi moja, na kwamba mchezaji aliyekwenda kufurahisha wenye uwanja alikuwa pia amewageuzia kisogo wenye barabara.

Historia ilikuja kuhukumu. Mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola waliafikiana, huko Gleneagles, Scotland, kuzuia mahusiano ya michezo na Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1981, timu ya Afrika Kusini ilipokwenda New Zealand, wananchi wa huko wenyewe waliingia uwanjani Hamilton, na mchezo ukavunjwa. Na mwaka 1995, Afrika Kusini iliyo huru ilipochukua Kombe la Dunia la raga, Nelson Mandela ndiye aliyelikabidhi. Waliosema mwaka 1976 kwamba michezo haihusiani na utu wa watu hawakuwa na la kujibu tena.

Hata hivyo uungwana unatutaka tuseme na upande wa pili. Uamuzi ulikuwa wa taifa, lakini aliyelipa gharama yake kwa miguu yake ni mtu mmoja. Bayi alipata medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji mjini Moscow mwaka 1980, Olimpiki ambayo Suleiman Nyambui naye alipata fedha ya mita 5000. Lakini mita 1500 za Montreal hazitarudi. Taifa linaloomba kijana atoe kitu cha namna hiyo lina deni kwake, na deni lenyewe si fedha. Ni kukumbuka, na kuwasimulia watoto wake kwa usahihi yaliyotokea.

Yaliyo mikononi mwetu

Hapa ndipo tunaporudi kwenye swali letu la mwanzo. Ukipita leo katika Njiro, tangu njia ya Nanenane hadi kwenye vyuo, utakuta redio kila penye kinyozi na kila penye duka. Arusha ina vituo vyake, na vijana wenye vipaji wanavitumikia. Vipindi vya michezo vimekuwa virefu kuliko wakati wowote uliopita. Tukisikiliza kwa makini, lakini, aghalabu tunasikia habari za vilabu vya Manchester na London, nani ameuzwa na kwa bei gani, na baada yake matangazo ya kubashiri matokeo. Kijana anaweza kutaja wachezaji wa akiba wa timu asiyowahi kuiona, lakini ukimwuliza nani alivunja rekodi Christchurch, anakutazama.

Hatumlaumu kijana huyo. Hajui kwa kuwa hakuambiwa. Wala hatusemi mpira wa Ulaya usitangazwe, kwani redio iliyotuletea habari za Christchurch na Lagos haikujenga ukuta. Tunachosema ni kwamba mtu anayeyajua ya jirani kuliko ya nyumbani kwake ana upungufu, na upungufu huo unatibika. Hapa Arusha wapo vijana wanaocheza raga. Wapo wanaokimbia barabarani alfajiri, Meru ikiwa bado gizani. Mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Mtu wa namna hiyo hazuki ghafla. Anatoka miongoni mwa mamia wanaokimbia bila kutangazwa na yeyote.

Kwa hiyo tunatoa wito, na tunautoa kwa heshima.

Kwanza, kanda za zamani za Radio Tanzania, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, zishughulikiwe kwa haraka kama nyaraka za taifa. Muziki uliomo umepata watetezi wake. Sauti za uwanjani nazo zinahitaji watetezi. Utepe wa kanda huoza, na ukioza hakuna fundi wa kuurudisha. Aidha, wananchi waliorekodi matangazo majumbani kwa kaseti zao wasizitupe. Huenda katika sanduku la mzee mmoja wa Sakina au Lemara imo dakika 1 ambayo nchi nzima haina tena.

Pili, kila kituo cha redio cha mkoa huu kitenge angalau nusu saa kwa wiki kwa michezo ya hapa: riadha, raga, netiboli, mpira wa shule. Kisisome matokeo tu. Kipeleke mtu uwanjani atangaze, na aseme wachezaji hao ni akina nani na wanaishi vipi.

Tatu, mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yawe pia darasa la watangazaji. Mwanafunzi mwenye ulimi mwepesi na macho makali apewe kipaza sauti pembeni mwa uwanja, atangaze kwa Kiswahili sanifu, mwalimu amsahihishe. Hilo halihitaji bajeti.

Mwaka 2024 ulianza ujenzi wa uwanja mpya hapa Arusha kwa ajili ya fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuziandaa kwa pamoja. Ni jambo la fahari, na tunalipongeza. Lakini viti vya uwanja, hata viwe vingi namna gani, huchukua watu wachache tu wa nchi. Wengine wote, walio mashambani, sokoni, hospitalini na safarini, watategemea mtu mmoja awaeleze kinachotokea. Mtu huyo lazima aandaliwe sasa, na njia iliyo bora ya kumwandaa ni kumkalisha chini asikilize namna waliomtangulia walivyofanya kazi hiyo, iwapo sisi tutakuwa tumewahifadhi.